Mikono ya Koti: Somo la Mavazi kwa Wanaosafiri Septemba



Ndugu msomaji, kila mwaka majibu ya ufadhili wa masomo ya Uturuki yakishatoka, simu yangu haipumziki. Swali ni lilelile: "Dada, kule kuna baridi, nibebe nguo gani?" Nimelijibu mara nyingi nusunusu, nikiwa ndani ya teksi au nikikimbilia darasani. Mwaka jana nililijibu vizuri kwa mara ya kwanza. Nililijibu kwa miguu, katikati ya soko la Owino, nikiwa na dada mdogo wa jumuiya yetu aliyebakiwa na wiki tatu kabla ya kwenda Ankara. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na machache niliyosahau kumwambia.

Kwanza tuelewane juu ya neno vuli. Sisi tukilisikia tunawaza mvua, matope na miavuli. Kule vuli ni majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi ya kahawia na haradali, kisha hupukutika, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Mwanafunzi mgeni akishuka kwenye ndege ndiyo majira anayoyakuta. Wengi wetu huogopa theluji na kuijengea matayarisho yote, ilhali theluji huja baadaye, mtu akiwa ameshapata posho yake na ameshayajua maduka. Kinachomwumbua mgeni ni hiyo miezi miwili ya mwanzo. Ankara iko bara, mbali na bahari, mita zipatazo 900 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, jua laweza kuwaka ukadhani uko Kampala, na asubuhi ya siku hiyohiyo ulitoka bwenini joto likiwa chini ya nyuzi 10. Kisha unaingia darasani, vipasha joto vimewashwa, jasho linakutoka. Ukiwa na nguo moja nene tu, utatetemeka njiani na kuungua ndani.

Dada yule alikuwa na shilingi 350,000 za mavazi yote. Mama yake alizikopa kwenye kikundi chao cha akiba, na zilitakiwa zianze kurejeshwa mwezi uleule. Alikuwa ameshaliona koti katika duka moja kubwa la mjini, jeusi, limebana kiunoni, shilingi 320,000. Aliponionyesha picha yake kwenye simu nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka, kwa sababu koti lile nililijua. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua ndugu yake.

Langu nalo lilikuwa zuri kwa macho. Lakini mikono yake ilikuwa myembamba, na mwishoni ina mpira wa kubana kifundo ili upepo usiingie. Haikunjiki kupita hapo. Sasa fikiria adhuhuri imeingia, uko chuoni, maliwato yana sinki tu, hakuna msumari wa kutundika kitu na sakafu imelowa. Ili utie udhu inabidi uvue koti zima na ulibane kwa magoti, huku mkoba umeushika kwa meno na wasichana wanakusubiri sinki. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya tatu nilijiambia nitaswali nikifika bwenini. Mwezi wa Novemba magharibi ya Ankara inaingia kama saa kumi na moja na nusu jioni, nami darasa la lugha lilikuwa likiniachia saa kumi na moja. Mtajua wenyewe kilichotokea kwa adhuhuri yangu na alasiri yangu. Nyumbani nilisema kwamba baridi ya kule inasumbua ibada. Ilinichukua karibu majira yote kutambua kwamba kilichonishinda ni mikono ya koti.

Baadaye nilipokuwa napitia mlango wa udhu, nilikutana na habari niliyoisoma tangu madrasa bila kuizingatia. Mughira bin Shu'ba, radhi za Allah ziwe juu yake, anasimulia kwamba katika safari ya Tabuk alimmiminia maji Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume alikuwa amevaa juba la Kishami lenye mikono myembamba. Alitaka kutoa mikono yake ili aoshe, ikashindikana, akaitoa kwa chini ya juba. Mughira alipoinama amvue khofu za miguuni, akamwambia aziache kwa kuwa alizivaa akiwa twahara, akapangusa juu yake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wanachuoni wameijengea masomo mengi, lakini mwanafunzi anayesafiri Septemba anapata humo mambo yake matatu: mkono mwembamba wa nguo ni tatizo la kweli na lina ufumbuzi, nguo iliyoshonwa na wasiokuwa Waislamu inavaliwa, maana Sham wakati ule ilikuwa chini ya Warumi, na miguu ina ruhusa yake katika safari na baridi.

Basi tukaenda Owino, Jumamosi, mapema.

Soko hili, ambalo kwenye karatasi linaitwa St. Balikuddembe, limekuwa hapo karibu na uwanja wa Nakivubo tangu 1971, na asiyelizoea hupotea mara tatu kabla hajanunua kitu. Nilimpeleka moja kwa moja penye makoti. Huku kwetu jaketi nene lililojazwa sufi ndani lina bei, kwa sababu waendesha boda boda na walinzi wa usiku wanaligombania. Koti refu la sufi ya kondoo, lile la kufika magotini, mwenye haja nalo hapa Kampala ni nani? Linaning'inia miezi. Lilivaliwa Ulaya au Marekani, likatupwa, likaja kwenye robota, na sasa muuzaji anataka tu liondoke. Ndiyo maana nasema mahali nafuu pa kujinunulia vuli ya Uturuki ni mivumba ya Kampala.

Dada alisita. Alinong'ona, "Lakini dada, wanasema hizi ni nguo za wafu." Si yeye peke yake. Mwaka 2023 rais mwenyewe alisema hivyo alipotangaza kuzipiga marufuku, na marobota bado yanafunguliwa kila asubuhi. Nilimjibu kwamba hata zingekuwa za wafu wote, nguo ya marehemu ni mali ya warithi wake, nao wakiitoa hakuna haramu ya kuivaa. Swali letu ni twahara, na asili ya nguo ni twahara mpaka ijulikane najisi. Ukiona doa usilolielewa, osha. Usipoliona, osha vilevile, kwa ajili ya pua za wenzako.

Niliposema tuanze na mikono alidhani natania. Kila koti alilovaa nilimwambia akunje mkono hadi juu ya kiwiko, akiwa amevaa sweta ndani. Makoti tisa yalifeli. Muuzaji akaanza kuchoka nasi: "Nyabo, mnanunua au mnafanya mazoezi?" La kumi lilikuwa la kijani kibichi cha giza, refu, mikono mipana yenye kifungo kimoja. Lilikunjika. Nikaligeuza ndani nje nikatafuta kile kitambaa kidogo cha maandishi. Hapa jifunzeni maneno, maana lebo zinakuja kwa lugha za zilikotoka: sufi ya kondoo ni "Wolle" kwa Kijerumani, "laine" kwa Kifaransa, "lana" kwa Kiitaliano na Kihispania. Likiwa zaidi ya nusu, linatosha. Akriliki nayo hupasha joto kiasi, ila huota vinundu upesi. Kisha nikaliinua kuelekea jua kutafuta matundu ya nondo. Kitundu kimoja kwapani fundi anakiziba, vingi mgongoni achana nalo. Mpaka wa ndani ulikuwa unang'aa kama hariri. Kaka zetu wanaosoma hapa wasitishike: hariri iliyoharamishwa kwa wanaume ni ile ya asili, na mipaka mingi ya makoti ni nyuzi za kiwandani. Lebo ikisema "Seide" au "soie", hapo ndipo uwe na swali.

Alianza kwa shilingi 90,000. Nilimpa 35,000, tukakutana kwenye 45,000.

Viatu vilitutaabisha zaidi. Tulitaka vya kufunika vifundo, nyayo zenye meno, kwa sababu majani yaliyolowa barabarani yanateleza kuliko matope ya Kikoni. Lakini angalieni ngozi ya ndani. Ngozi ya nguruwe hutumika sana kwenye bitana za viatu, na jamhuri ya wanachuoni wanasema haitwahariki kwa kudibaghiwa. Ina alama yake: vitundu vya nywele vimekaa vitatuvitatu, kama pembetatu ndogo. Jozi mbili nzuri tuliziacha kwa sababu hiyo, na dada aliumia kwelikweli kwa ile ya pili. Tuliyopata ilikuwa 55,000.

Hapo niongeze nililosahau kumwambia siku ile. Ukipangusa juu ya viatu kisha ukavivua ili uingie kwenye zulia la msikiti, kupangusa kule kumekwisha, utarudi kuosha miguu. Mimi nilihangaika na jambo hilo mpaka mama mmoja mzee pale msikitini akanionyesha "mest", soksi laini za ngozi ambazo Waturuki huvaa ndani ya viatu. Unazivaa ukiwa na udhu asubuhi, zinafunika vifundo, unavua viatu unabaki nazo, na mkaazi anapangusa juu yake mchana mmoja na usiku wake. Hizo msizitafute Owino. Zinunueni kulekule, kwenye vijiduka vya karibu na misikiti.

Vilivyobaki vilikwenda haraka. Sweta nyembamba tatu, kila moja 8,000, za kuvaliwa mojamoja au mbili kwa pamoja. Jaketi jepesi la mvua, 25,000, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta, kwa siku ambazo koti la sufi lingelowa na kuwa zito kama mbuzi. Taiti mbili nene za kuvaa chini ya gauni, 10,000. Skafu na glovu, 6,000. Abaya zake alibeba za nyumbani, isipokuwa tulimpa fundi azipunguze pindo kwa vidole vitatu, kwani abaya inayoburura kwenye majani yaliyolowa inanyonya maji mpaka magotini. Fundi huyohuyo alibadilisha zipu ya jaketi na kuziba kitundu cha koti. Kazi yote 15,000. Mitandio ya shifoni nilimwambia aache. Upepo wa Ankara unaitoa kichwani, na mtu mwenye glovu hawezi kushika pini.

Tulibishana kuhusu rangi. Alitaka kila kitu cheusi, akidai akivaa nyeusi hatakosea. Mimi huona wasichana wetu wengi wakifika ugenini wanajificha ndani ya weusi kwa woga, si kwa kuipenda, na dada huyu hapa chuoni anajulikana kwa vitenge vyake. Nilimwambia achague rangi tatu ambazo kila moja inakubaliana na nyingine, kisha asinunue nje ya hizo. Akachagua kijani cha koti, kahawia ya viatu na haradali ya sweta. Nguo chache zikawa mavazi mengi. Mitandio miwili ya pamba aliikata kutoka kitenge cha mama yake. Stara ilikuwepo, na bado alikuwa yeye.

Nyumbani tuliosha sufi kwa maji baridi, maana maji ya moto huifanya ijikunje ikawa ya mtoto, tukaianika kivulini ikiwa imelazwa. Harufu ya robota ilichukua siku nne kutoka.

Hesabu yote ilikuwa shilingi 180,000. Zilizobaki 170,000 alizirudisha kwenye kikundi cha mama yake kabla hajapanda ndege. Mwishoni mwa Oktoba alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema koti linakunjika vizuri, ila wenzake wa darasani wanamwuliza amelinunua duka gani la Ulaya, naye hajui awaambie nini. Nikamwambia awaambie Owino.

Kwa wanaosafiri mwaka huu, tutakwenda pamoja Jumamosi ya pili ya Agosti, baada ya swala ya alfajiri, tukikutana mlango wa msikiti wa chuo. Njooni na sweta moja, noti ndogondogo, na viatu visivyo na kamba. Kaka zetu nao wanakaribishwa. Wana mwongozaji wao, na nimeshamwonyesha alama ya vitundu vitatu.