Mwarubaini Nyumbani: Dawa Isiwe Siri ya Mmoja



Huku kwetu Ukambani, kuanzia Mutomo hadi Kibwezi na Wote, mwarubaini umezoeleka bomani. Ni mti usioogopa kiangazi. Asili yake ni Bara Hindi, ambako waganga wa tiba ya jadi iitwayo Ayurveda wameutumia kwa karne nyingi. Sisi tuliupa jina hilo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Majani yake huchemshwa na kunywewa kwa ajili ya homa na minyoo, maji yake huogewa mtu akiwa na upele, na kijiti chake ni mswaki. Majani makavu huwekwa ghalani kuzuia wadudu wa mahindi na kunde.

Kanisa halidharau mitishamba. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa zitokazo ardhini. Sura hiyo hiyo yatuagiza tumheshimu tabibu. Tusishike fundisho moja na kuliacha lingine.

Hebu tuchukue mfano. Mke amekosa kuona siku zake kwa wiki tatu, lakini hajamwambia mumewe. Anashikwa na homa. Mume, kwa nia njema, anachemsha sufuria ya mwarubaini: "Mama Mwende, kunywa yote." Mke anakunywa ili asiulizwe maswali. Hapo hakuna mwenye nia mbaya, lakini ukimya wao unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Basi, mume na mke wajue mambo haya pamoja:

1. Mama mjamzito asinywe mwarubaini. Utafiti uliofanywa kwa wanyama umeonyesha kwamba unaweza kuharibu mimba.

2. Wanaotafuta mtoto wajihadhari, wote wawili. Mti huu unaweza kupunguza nguvu za uzazi za mwanamume pia. Wala mmoja asiutumie kisiri kuzuia uzazi. Barua ya Papa Paulo VI, Humanae Vitae, ya mwaka 1968, yafundisha kwamba wanandoa wenye sababu nzito za kupanga uzazi wafuate majira ya asili ya mwili wa mke. Njia hiyo haiwezekani bila mazungumzo ya wawili.

3. Mtoto mchanga asinyweshwe, hasa mafuta ya mbegu zake. Wako watoto waliotapika, wakalegea na kupata degedege kwa sababu ya mafuta hayo, na wengine wakafa.

4. Mwenye kisukari anayetumia dawa za hospitali amwambie daktari kwanza, kwa kuwa mwarubaini hushusha sukari mwilini na huenda ikashuka kupita kiasi.

5. Homa ipimwe. Si kila homa ni malaria, na malaria haingoji sufuria ichemke siku tatu. Tukumbuke kwamba dawa ya malaria tunayopewa zahanati nayo ilitokana na mmea wa Uchina. Mama Tu Youyou, aliyeigundua nguvu ya mmea huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba dawa hiyo imepimwa na kiasi chake kinajulikana. Cha sufuria hakijulikani.

Na nyanya wa mtoto akija na chupa yake je? Asifokewe, kwa maana anampenda mjukuu. Afadhali mwana mwenyewe aseme na mama yake kwa heshima: "Mama, asante. Ngoja kwanza tumpeleke apimwe." Mume asimwachie mke vita hiyo peke yake. Mkiwa na neno moja, mama ataelewa upesi zaidi.

Siku ile mbele ya altare mliahidiana uaminifu katika magonjwa na afya. Uaminifu huo si wa kitandani tu. Wagusa pia kikombe ambacho mwenzako anakunywa na kile unachomnywesha mtoto wenu.

Maswali ya kujadiliana jioni, watoto wakilala:

– Je, kuna dawa ninayotumia ambayo mwenzangu haijui?
– Mtoto akishikwa na homa usiku, tumekubaliana kufanya nini kwanza?
– Nani atazungumza na wazazi wetu, na kwa maneno gani?

Mungu azibariki ndoa zenu.