Kuchagua Kipimo cha Kompyuta kwa Gari la Zamani

Noah inayobeba abiria na mazao kati ya Mlandizi na Maneromango ikiwasha taa ya injini, mwenye gari hukabiliwa na njia mbili. Anaweza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, au anaweza kutafuta kipimo cha kusoma hitilafu iliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari. Njia ya pili ni ya busara zaidi, lakini nayo ina mtego wake. Kipimo huweza kuingia vizuri katika soketi, kikawaka, kisha kisisome chochote. Fedha imetumika, na gari bado lina tatizo lile lile. Somo hili linaeleza namna ya kulitambua gari kwanza, ndipo kipimo kichaguliwe.

Kwa nini vipimo havisomi magari yote

Injini nyingi za petroli za kuanzia miaka ya 1990 huongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo hupokea taarifa kutoka kwenye sensa. Inapoona jambo lisilo la kawaida, huwasha taa ya injini na kuhifadhi namba ya hitilafu. Kipimo huuliza, kompyuta hujibu. Lakini sharti vyote viwili vizungumze lugha moja.

Marekani ililazimisha lugha ya pamoja, iitwayo OBD2, kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Japani iliweka sharti la namna hiyo zaidi ya miaka kumi baada ya Marekani. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, kwa kuwa magari mengi yanayotumika Kibaha na Kisarawe yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, yakaletwa nchini yakiwa yametumika. Toyota ya mwaka 2000 iliyouzwa Marekani husomwa na kipimo cha kawaida. Toyota ya mwaka huo huo iliyouzwa Japani huenda isisomwe kabisa.

Kulitambua gari

Kwa madhumuni ya somo hili, magari yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni magari ya zamani yasiyo na soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Katika Toyota nyingi za kundi hili, kuna kisanduku kidogo ndani ya boneti chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Kipimo cha OBD2 hakiwezi kuyasoma.

Kundi la pili ndilo lenye mtego. Gari lina soketi ya pini 16 karibu na magoti ya dereva, lakini kompyuta yake hutumia lugha ya kiwanda chake. Umbo la soketi si ushahidi wa lugha. Gari hili huhitaji kipimo kinachotaja wazi kuwa kinasoma magari ya kampuni hiyo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani.

Kundi la tatu ni magari yenye OBD2 kamili. Kipimo cha bei nafuu hutosha kusoma hitilafu za injini. Hata hivyo, vipimo vingi vya namna hiyo havisomi breki za ABS wala mifuko ya hewa.

Kundi la nne ni magari ya dizeli yenye pampu isiyoongozwa na kompyuta. Haya hayana cha kusomwa. Aidha, malori mengi ya dizeli hutumia umeme wa volti 24, na kipimo kilichotengenezwa kwa volti 12 kinaweza kuungua.

Kusoma bila kipimo

Toyota nyingi za kundi la kwanza zinaweza kusomwa kwa kipande cha waya. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 ndani ya kisanduku cha DIAGNOSIS, kisha hufungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini huanza kupepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, kisha ikapepesa mara mbili tena, namba ni 22, yaani mkondo wa sensa ya joto la maji. Ikipepesa kwa mfululizo ulio sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Kazi hii ifanywe na fundi anayeyajua matundu hayo, kwa kuwa kuunganisha tundu lisilo sahihi huweza kukata fyuzi au kuharibu kompyuta yenyewe.

Namba ya hitilafu si hukumu

Kipimo kikionyesha P0171, maana yake ni kwamba injini inapata mafuta machache mno kwa kiasi cha hewa inayoingia. Namba hiyo haisemi kuwa sensa ya oksijeni imekufa. Chanzo kinaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, chujio la mafuta lililoziba au pampu iliyochoka. Anayekimbilia kununua sensa huenda akalipia kipuri kisichohitajika, na bomba likaendelea kuvuta hewa.

Vilevile, namba iandikwe kabla ya kufutwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo humlazimu kila fundi kuanza upya.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Asome kadi ya gari na kunakili aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasisi na aina ya injini.
2. Aangalie kama kuna soketi ya pini 16, na gari linatumia volti ngapi.
3. Amuulize muuzaji kama kipimo kinasoma gari la aina na mwaka huo lililotoka soko la Japani. Jibu la kwamba kinasoma magari yote lisimtosheleze.
4. Aombe kipimo kijaribiwe kwenye gari lenyewe. Anayekwenda Kariakoo bila gari akubaliane na muuzaji, kwa maandishi kwenye risiti, kuwa kitarudishwa kisiposoma.
5. Kama ana gari moja tu, alinganishe bei ya kipimo na ada ya kupimiwa gereji. Mara nyingi kulipia upimaji mmoja ni nafuu kuliko kumiliki kipimo kitakachokaa kabatini.

Wenye magari ya aina moja katika mtaa au kijiji wanaweza pia kuchangia kipimo kimoja kilichothibitishwa kuyasoma, na kukikabidhi kwa fundi wanayemwamini.