Mji wa Mimba Ukiwa na Umbo Tofauti

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Kitengela. Wamefunga ndoa kanisani miaka 5 iliyopita, mimba 3 zimeharibika, na mtoto hakuna. Jamaa wananong'ona kwamba mke amerogwa, au ni matunda ya ujana wake. Mume amenyamaza. Wafanye nini?

Kwanza, wajue chanzo. Mtoto wa kike akiumbwa tumboni, mji wake wa mimba huanza kama mirija 2 inayoungana, kisha ukuta wa katikati hutoweka. Kazi hiyo isipokamilika, huzaliwa na mji wenye ukuta ndani, au wenye pembe 2, au wa upande mmoja. Wanawake wapatao 5 katika 100 wana maumbile ya namna hii, na wengi huzaa bila kujua. Si uchawi wala adhabu.

Pili, waende wakapigwe picha. Waanze na altrasaundi katika hospitali iliyo karibu, Kitengela au Kajiado. Ipo pia eksirei ya dawa, inayoonyesha nafasi ya ndani na mirija. Lakini haionyeshi umbo la nje, hivyo mji wenye ukuta na wenye pembe 2 huweza kufanana. Tofauti ni kubwa: ukuta huweza kukatwa bila kupasua tumbo, ikiwa daktari ataona inafaa, pembe 2 kwa kawaida huachwa. Ndiyo maana huenda wakatumwa Nairobi kwa altrasaundi ya pande tatu au mashine ya MRI. Figo nazo zitazamwe, kwani mara nyingine moja hukosekana.

Eksirei hiyo hupigwa baada ya hedhi, kabla yai halijatoka. Wajizuie mpaka ipigwe, wasije wakadhuru mimba changa. Wanaofuata mpango wa asili wanaijua hesabu hiyo.

Tatu, Kanisa halikatazi matibabu haya. Katekisimu ya mwaka 1992 inahimiza utafiti wa kupunguza utasa. Na mtoto asipopatikana, ndoa yao bado ni sakramenti kamili.

Bwana, usimtume mkeo peke yake. Ingieni kwa daktari pamoja, nawe upimwe. Kisha wewe ndiwe uwaeleze jamaa zako.

Mzungumze nyumbani:
1. Je, tumewahi kulaumiana kwa jambo ambalo hakuna aliyelichagua?
2. Tunajua wenzi jumuiyani wanaolia kwa siri? Tutawasaidiaje?