Joto Lipoteavyo Nyumbani, na Namna ya Kulizuia

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi huwa kali katika nchi za juu za Kenya, kama vile Limuru, Kinangop na Molo, ambako ardhi imeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati huo mwenye nyumba hununua makaa mengi kuliko kawaida, naye hushangaa kuona kwamba jiko likizimika tu, baada ya muda mfupi chumba kimekuwa baridi kama uani. Makaa hayana kosa. Kosa ni la nyumba isiyoweza kulihifadhi joto.

Mlango mkubwa wa joto kutoka ni paa. Hewa yenye moto ni nyepesi, hivyo hupanda juu. Na bati, kwa kuwa ni chuma chembamba, hulipitisha joto mpaka nje mara moja. Ndiyo sababu usiku usio na mawingu matone ya maji huonekana chini ya bati: ni pumzi za waliolala, zilizokutana na chuma baridi. Nyumba za nyasi za wazee hazikuwa na shida hii, kwa maana nyasi nene hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa wepesi. Blanketi nalo hufanya kazi jinsi hiyo hiyo. Halina moto wake lenyewe, bali huzuia joto la mwili lisitoke.

Basi dawa ya bati ni dari, wala si lazima iwe ya mbao za gharama. Magunia yaliyofuliwa, yakashonwa pamoja na kuvutwa sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta, yatasaidia sana. Lakini magunia hushika moto upesi. Yasiwekwe kamwe mahali pa kupikia.

Nyufa hutafutwa jioni yenye upepo, kwa mkono uliolowa maji, ambao huhisi hewa ipitayo. Ufa wa ukuta wa udongo huzibwa kwa udongo uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa. Chini ya mlango hutosha mfuko mrefu wa nguo kuukuu, uliojazwa mchanga.

Hapa kuna jambo lililo kubwa kuliko kuokoa makaa. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu, iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Hata makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, yasiyo na moshi, huitoa. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemewa. Jiko litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama makaa yamefunikwa na majivu, na chumba kipitishwe hewa safi, ndipo mlango ufungwe. Mtu akikutwa amelegea chumbani, atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali. Na jikoni, matundu ya kutolea moshi yasizibwe hata siku moja.

Elimu hii ya kuzuia joto hufaa chunguni pia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huchemshwa motoni kwa nusu saa, maana yasipochemka vyema huweza kuumiza tumbo. Kisha sufuria, ikiwa na kifuniko chake, hutiwa katika kapu lililojazwa nyasi kavu pande zote, na kufunikwa kwa blanketi zito. Huendelea kuiva humo kwa saa kadhaa pasipo moto wowote. Kapu lisifunuliwe ovyo, kwa kuwa kila kulifunua ni kulipunguzia joto. Na kabla ya kupakua, maharagwe yarudishwe motoni yachemke tena.