Kiharusi na Tiba ya Seli Shina

SUALI: Yafaa mtu kuuza nyumba ili mzazi wake aliyepooza kwa kiharusi apelekwe ng'ambo akatiwe seli shina?

JAWABU: Yatupasa kwanza tuufahamu ugonjwa na dawa yake. Kiharusi ni damu kuzuilika isifike katika sehemu ya ubongo, au mshipa kupasuka humo, sehemu ile ikafa. Seli shina ni chembe za mwili zilizo na uwezo wa kugeuka kuwa chembe za namna nyingine. Hupatikana, kwa mfano, katika uboho wa mifupa. Manufaa yake katika baadhi ya maradhi ya damu yamethibiti. Katika kiharusi bado.

Mwaka 2016 matabibu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 18 waliotobolewa fuvu wakatiwa seli hizo ubongoni. Baadhi yao walipata nafuu, na watu wakafurahi. Lakini hawakulinganishwa na wagonjwa wasiotiwa. Ndipo wakajaribiwa 163: wengine walitiwa seli, na wengine walifanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2019, waliotiwa seli hawakuwapita wenzao. Basi nafuu ya wachache si hoja.

Na madhara yapo. Mwaka huo wa 2016 matabibu wa Marekani walieleza habari za mgonjwa wa kiharusi aliyesafiri China, Argentina na Mexico kudungwa seli. Aliota uvimbe katika uti wa mgongo, ukamlemaza miguu. Ulipopimwa, chembe zake nyingi zilikuwa za mtu mwingine.

Kujitibu ni jambo tuliloamrishwa, wala hatumkatazi mtu kutafuta dawa. Lakini kuuza makazi ya watoto kwa kisichothibiti ni kupoteza mali, na mali ni amana. Wanavyuoni wamekwisha sema kwamba ajitiaye utabibu bila ya ujuzi, akadhuru, dhamana ni juu yake.

Lililothibiti ni hili: uonapo uso umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno yanatatizika, mkimbize mgonjwa hospitali saa ile ile. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida katika saa 4 na nusu za mwanzo. Aliyekwisha pooza afanyishwe mazoezi ya viungo bila ya kuchoka, na mwenye presha asiache dawa zake. Haya hayamtoi mtu nyumbani mwake.

Wallahu aalam.