Huo Mkokoteni ni wa Nani?

Leo swali limetoka Lupaso, Masasi. Mdogo wetu ana ekari tatu za mikorosho na shingo inayomuuma kila jioni kwa kubeba mizigo kichwani. Anauliza anunue toroli sasa, au ajibane mpaka afikishe pesa ya toyo ya kubebea mizigo.

Toyo iache kwanza, mdogo wangu. Ekari tatu hazitoshi kulisha watoto na petroli. Na toroli la gurudumu moja waachie mafundi ujenzi. Kwenye mchanga wetu linazama, na nusu ya mzigo inabaki mikononi mwako.

Tafuta mkokoteni wa magurudumu mawili. Mpelekee fundi wa kuchomelea ekseli kuukuu, akuundie. Tairi ziwe za pikipiki, maana za baiskeli ni nyembamba, zinakata mchanga kama kisu. Ukifika penye mchanga mwingi, punguza upepo kidogo.

Piga hesabu uone. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Mfuko wa salfa ya mikorosho ni kilo 25. Gunia la korosho linakaribia kilo 80, na hilo hakuna ngata ya kulifanya jepesi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku kwetu mwaka 2007, korosho lazima zifike ghala la chama cha msingi kabla ya mnada, na minada ikianza Oktoba kila mtu anatafuta usafiri siku hiyohiyo.

Sasa kupakia. Mimi nimekulia Newala juu, maji tukiyafuata bondeni, kwa hiyo nilidhani kubeba nakujua. Siku ya kwanza kupewa mkokoteni nilirundika magunia yote nyuma. Nikashika mpini, nikainama kuvuta. Mpini ukaruka juu ukanipiga kidevuni. Jino la mbele limemeguka hadi leo, mkiniona nacheka mtaliona. Uzito unakaa juu ya ekseli, ukizidi kidogo tu upande wa mbele. Jaribu kwa mkono mmoja kabla hujaondoka: mpini ukiinuka bila kukuvuta chini wala kukimbilia juu, nenda. Kwenye mteremko usitangulie mbele ya mzigo. Geuza, ushikilie kwa nyuma kwa kamba, na mtoto asikae juu ya magunia hata akilia.

Lakini kuna jambo hukuliuliza, na ndilo linanikera. Mzigo ukiwa kichwani, nyumba nzima inajua ni wa mama. Ukiwekewa magurudumu, ghafla shemeji anaujua kuuendesha! Asubuhi unaukuta umeenda kubeba matofali ya watu, hela huioni, na wewe umerudi kwenye ngata. Nimeyaona haya kwenye zaidi ya nyumba moja. Sikwambii ugombane na mumeo. Nakwambia mkubaliane kabla fundi hajawasha mashine: siku zipi ni za maji na shamba, siku zipi za kibarua, na hela ya kibarua inunue nini. Mazungumzo hayo yafanyike mjomba wako akiwepo, maana kwetu mjomba akishasikia, neno halifutiki.

Beringi zitie grisi kabla ya Oktoba. Usiku ufunge mkokoteni kwa mnyororo kwenye mwembe, na ufunguo uufunge kwenye pindo la khanga yako.