SOMO: MWILI WA MTOTO UNAPOSEMA "NAOGOPA"

Katika vikundi vyetu tunasikia habari ya mtoto ambaye, wageni wakija au kukiwa na mkutano, anaziba masikio, anapiga mayowe, anajigonga kichwa au anatoroka. Wengine husema amedekezwa, wengine ati ana mapepo, na wengine wanashika fimbo. Hebu tujifunze mwili wake unafanya nini.

Tunazungumza hasa juu ya watoto wenye usonji. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo huko Marekani mwaka wa 1943. Hali hii inatokana na jinsi ubongo unavyokua. Haiambukizi, wala haitokani na malezi mabaya.

Mwili hufanya nini?

Mtu yeyote akiogopa, moyo huenda mbio, pumzi hukatika, jasho hutoka, tumbo husokota. Kisha tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo kotisoli. Hiyo huongeza sukari katika damu ili mtu apate nguvu ya kujiokoa. Kotisoli haina haraka: hufika juu kama dakika 20 au 30 baada ya jambo lenyewe, na kushuka pia huchukua muda. Hupimwa hata kwa mate, bila sindano.

Kuna kipimo kilichotungwa Ujerumani mwaka wa 1993. Mtu huambiwa atoe hotuba na kufanya hesabu mbele ya watu wanaomkodolea macho tu. Watoto wengi wakifanyiwa hivyo, kotisoli hupanda. Kwa wastani, ya watoto wenye usonji haikupanda vile. Lakini mwaka wa 2010 Blythe Corbett na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za watoto waliocheza uwanjani na wenzao wasiowajua. Hapo kotisoli ya watoto wenye usonji ndiyo iliyokuwa juu, hasa wale wenye umri mkubwa zaidi.

Mnaona basi? Jambo tunaloliita mchezo laweza kuwa mzigo mzito kwake. Tena, wageni wakishaondoka mwili wake unaweza kuwa bado haujapoa, kwa hiyo analipuka wakati sisi tunadhani mambo yamekwisha.

Tufanye nini?

1. Mwambie mapema kitakachotokea. Kama haongei, mwonyeshe picha au kitu, kwa mfano viatu vya safari.
2. Kwenye harambee au ibada, mketishe karibu na mlango, mbali na vipaza sauti. Mtafutie mahali patulivu pa kupumzikia.
3. Anza na rafiki mmoja wa kucheza naye, si kumi.
4. Akiyumbayumba au kupunga mikono bila kujiumiza, mwache. Mara nyingi anajituliza.
5. Usimpige. Fimbo inaongeza hofu juu ya hofu. Shuleni, viboko vilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 2001.
6. Tabia ikibadilika ghafula, mpeleke kliniki. Huenda anaumwa na sikio, jino au tumbo, naye hawezi kusema. Kifafa pia huwapata baadhi yao.
7. Uliza ofisi ya elimu iliyo karibu nawe juu ya kituo cha tathmini (EARC). Vituo hivi vilianza mwaka wa 1984, navyo husaidia kujua mtoto anafaa kusomea wapi.

Mama wa mtoto kama huyu mara nyingi huacha kuja kwenye kikundi kwa sababu ya aibu. Mwendeeni nyumbani, na mkifika ingieni wawili tu, kwa sauti ya chini.

Maswali ya kujadiliana

(a) Katika kijiji chetu, ni watoto gani wanafichwa nyumbani?
(b) Tukiwa na mkutano, ni nani atakayemtengea mtoto huyu mahali patulivu?
(c) Tutamwambia nini jirani anayesema mtoto huyu anahitaji kiboko?